MBWA ALIYEVUNJIKA MGUU: KAZI YA BAMBA LA CHUMA NA KAZI YA MWENYE MBWA

Mbwa mzuri wa shambani ni mtumishi asiyedai mshahara. Usiku hulinda boma la ng'ombe na kondoo, mchana hufukuza tumbili katika mahindi, na mgeni hafiki mlangoni kabla ya habari zake kutangulia. Lakini mbwa huyo huyo huvuka barabara bila kutazama. Katika skimu zetu, ambamo lori la maziwa na pikipiki hupita katikati ya mashamba, kuvunjika mguu kwa mbwa si jambo geni. Wengine huvunjwa na teke la ng'ombe, na wengine huangukiwa na gogo wakati wa kupasua kuni.

Wakulima wengi, wakiona mguu unaning'inia, hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine humwua mbwa palepale, wakisema kwamba mfupa wa mbwa hauungiki. Wengine humfunga vijiti kwa kamba, kisha humwacha chini ya ghala wakitumaini kwamba atapona mwenyewe. Mara nyingi njia zote mbili huleta hasara bure. Iko njia ya tatu, nayo ni kuunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Kazi hiyo hufanywa hapa Kenya na madaktari wa mifugo wenye ujuzi na vyombo vyake.

Hapa tutaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, ni mbwa yupi afaaye kufanyiwa, na mwenye mbwa apaswa kufanya nini. Neno la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: chuma hakiponyi mfupa. Chuma huushika mfupa upate kutulia, nao mfupa hujiponya wenyewe. Kwa hiyo nusu ya kazi ni ya daktari, na nusu ni ya mwenye mbwa.

Jinsi mfupa unavyojiunga

Mfupa si kama jiwe au ukuni mkavu. Ni kitu kilicho hai, nao una mishipa ya damu ndani yake. Ukivunjika, damu hujaa mahali pale na kuganda. Baada ya siku chache, nyama laini huanza kuota kati ya vipande viwili. Baadaye nyama hiyo hugeuka kuwa gegedu, na gegedu hugeuka kuwa mfupa mpya, ambao huwa mgumu kidogo kidogo.

Mkulima aliyewahi kupandikiza kijiti cha mparachichi ajua habari hii vizuri. Kijiti hukazwa kwa utepe ili kisitikisike, na sehemu mbichi za miti miwili hugusana. Kikitikiswa kila siku, hakishiki, hata kama udongo ni mzuri na mvua ni nyingi. Mfupa nao ni vivyo hivyo. Wataka mambo matatu: vipande vikae sawasawa, vitulie, na damu iendelee kufika. Likikosekana moja, mfupa hautajiunga, au utajiunga kwa upande na mbwa atachechemea maisha yake yote.

Kwa nini mabanzi na plasta havitoshi kila mara

Mabanzi na plasta ni vitu vizuri mahali pake. Kanuni yake ni kwamba lazima vishike kiungo kilicho juu ya mahali palipovunjika na kiungo kilicho chini yake. Mfupa ukivunjika chini ya goti au chini ya kiwiko, kanuni hii yaweza kufuatwa. Kama mbwa ni mchanga, ngozi haikupasuka, na vipande vya mfupa bado vimegusana vizuri, plasta iliyofungwa na mtu mwenye ujuzi yaweza kutosha.

Lakini mfupa wa paja ni habari nyingine. Kiungo kilicho juu yake ni nyonga, na nyonga ya mbwa haifungiki kwa plasta ikatulia. Tena paja lina nyama nyingi zenye nguvu, nazo huvuta vipande vya mfupa hata kimoja kikapanda juu ya kingine. Mtu akifunga mabanzi mguuni, mabanzi huishia karibu na pale palipovunjika. Uzito wake huning'inia kama jiwe kwenye kamba, na kila mbwa anapojongea, mfupa hutikisika zaidi kuliko kama usingefungwa. Hivyo usifunge mabanzi kamwe katika paja la mbwa. Ni mamoja kwa mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ulio kati ya bega na kiwiko.

Hatari nyingine ni kukaza mno. Mguu uliovunjika huvimba, na kamba iliyokuwa sawa asubuhi huwa imekaza jioni. Damu ikizuiwa, vidole huwa baridi, kisha mguu hunuka na kuoza. Hapo mbwa ambaye angeweza kupona huishia kukatwa mguu.

Bamba la chuma ni nini

Nira ya ng'ombe ikipasuka, fundi huweka bapa la chuma juu ya ufa, akatoboa matundu na kukaza bolti pande zote mbili. Bamba la mfupa ni kazi ya namna hiyo, ila limetengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ni kipande chembamba cha chuma kisichoshika kutu, au cha madini ya titani, chenye matundu yaliyopangwa kwa safu. Mwili huvumilia vitu hivi kukaa ndani yake kwa miaka mingi.

Mbwa hupewa nusukaputi asisikie maumivu. Nywele za mguu hunyolewa, na ngozi husafishwa kwa dawa. Daktari hupasua ngozi, akapita kati ya nyama bila kuzikata ovyo, mpaka auone mfupa. Huvirudisha vipande mahali pake, akalikunja bamba lifuate umbo la mfupa, kisha hutoboa kwa keekee na kukaza skrubu. Mbwa mkubwa wa shambani mara nyingi huwekewa skrubu zenye unene wa milimita 3.5, na tundu lake hutobolewa kwa keekee ya milimita 2.5, ili meno ya skrubu yashike mfupa barabara. Mbwa mdogo huwekewa skrubu nyembamba zaidi, kama za milimita 2.7 au 2. Kwa desturi, daktari hutaka skrubu zisizopungua 3 kila upande wa mahali palipovunjika.

Katika mabamba mengi matundu si ya mviringo kamili, bali ni marefu kidogo na yana mteremko ndani. Skrubu inapokazwa, kichwa chake huteleza katika mteremko huo na kusukuma vipande viwili vya mfupa vibanane. Mabamba mengine, ambayo yamekuja miaka ya karibuni zaidi, yana matundu yenye meno, na kichwa cha skrubu hujifunga ndani ya bamba lenyewe.

Ujuzi huu ulitoka wapi

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1886 daktari Carl Hansmann wa Hamburg, Ujerumani, alitangaza habari za mabamba aliyowatilia watu waliovunjika. Lakini kwa miaka mingi mabamba yalishindwa mara kwa mara. Chuma kilishika kutu ndani ya mwili, vidonda vilitunga usaha, na bamba lenyewe lilikuwa dhaifu. Mambo yalibadilika kwa sababu ya usafi aliofundisha Joseph Lister tangu 1867, picha za eksirei zilizovumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na baadaye chuma kisichoshika kutu.

Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi waliunda chama cha kuchunguza njia bora za kuunga mifupa. Mwaka 1963, wachunguzi wawili, Schenk na Willenegger, walionyesha katika mifupa ya mbwa kwamba mfupa ukibanwa na kutulia kabisa, waweza kujiunga moja kwa moja, pasipo kufanya kwanza donge kubwa la mfupa mpya. Kwa hiyo ujuzi unaoponya miguu ya watu leo ulijifunza mengi kwa mbwa. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, daktari wa wanyama wa Marekani, Otto Stader, alitengeneza chombo cha nje cha kuunga miguu ya mbwa, nacho kilitumiwa baadaye kwa askari wa majini wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Mashindano ya chuma na mfupa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Chukua kipande cha waya wa seng'enge ukikunje mara moja. Hakikatiki. Kikunje na kukinyoosha mara nyingi, nacho kitakatika mkononi mwako bila nguvu nyingi. Bamba la mfupa nalo ni vivyo hivyo. Halivunjiki kwa hatua moja ya mbwa, bali laweza kuvunjika kwa maelfu ya hatua kama mfupa ulio chini yake haujashika.

Haya ni mashindano. Kila siku mfupa unazidi kupata nguvu, na kila siku bamba linazidi kuchoka. Mbwa akitulizwa, mfupa hushinda. Mbwa akiachwa kukimbia, kuruka na kupigana na mbwa wengine, chuma hukunjika au skrubu hung'oka, na fedha zote hupotea. Mtoto wa mbwa aweza kupona katika wiki 4 hivi, kwa kuwa mfupa wake hukua upesi. Mbwa mkubwa huhitaji wiki 8 hadi 12, na pengine zaidi. Taabu ni kwamba mbwa aliyetiwa bamba huanza kuukanyagia mguu baada ya siku chache tu. Mwenyewe hufurahi na kumfungulia. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mbwa anatembea kwa nguvu ya chuma, si kwa nguvu ya mfupa.

Yafaayo kufanywa saa za kwanza

1. Jilinde kwanza. Mbwa mwenye maumivu aweza kumwuma hata bwana wake. Mfunge mdomo kwa kitambaa, lakini usimfunge kama anatapika au anapumua kwa shida. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa.

2. Mlaze juu ya ubao, au juu ya gunia linaloshikwa na watu wawili. Usimbebe mguu ukining'inia.

3. Kama mfupa umetoka nje, usiurudishe ndani, wala usipake mafuta, majivu au samadi. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Damu ikitoka sana, bana kwa kitambaa hicho kwa mkono.

4. Usimpe chakula, maana huenda akahitaji nusukaputi.

5. Usimpe dawa za watu za kutuliza maumivu. Nyingine, kama ibuprofen, zaweza kudhuru tumbo na figo za mbwa hata kumwua.

6. Tazama ufizi wake. Ukiwa mweupe, huenda damu inavuja ndani, na safari ya kwa daktari isingoje.

Mkifika kwa daktari, msishangae asipoanza na mguu. Mbwa aliyegongwa na gari aweza kuwa ameumia mapafu au kupasuka kibofu, na mambo hayo huua upesi kuliko mguu. Daktari aweza kumtuliza siku moja au mbili kabla ya kumpasua. Huko si kuchelewa. Lakini mwenye mbwa asikae nyumbani wiki mbili akitafakari, kwa sababu nyama hujikaza, mfupa huanza kushika vibaya, na kazi huwa ngumu maradufu. Mfupa uliotoka nje hauna muda hata kidogo. Mpeleke siku ile ile.

Gharama na uamuzi

Kazi ya bamba si rahisi kwa bei, na mkulima mwenye mkopo wa shamba na karo za watoto lazima apime. Uliza mapema bei ya kila kitu: picha za eksirei za kwanza, nusukaputi, bamba na skrubu, dawa, na picha za kutazama kama mfupa umeshika. Uliza pia kama daktari amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo na anavyo vyombo vyote. Kwa sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo hana budi kuwa ameandikishwa, na si aibu kumwuliza. Ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe yaweza kukuelekeza, hata kama wao wenyewe hawafanyi upasuaji huo. Huko Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa mifugo, wanyama wadogo hutibiwa pia.

Kama fedha hazitoshi, ziko njia nyingine. Iko njia ya kutia pini ndefu ndani ya mfupa, na iko njia ya kushika mfupa kwa vyuma vya nje, nazo mara nyingine ni nafuu zaidi. Yawezekana pia kuukata mguu. Watu wengi huogopa neno hili, lakini mbwa wa miguu mitatu huweza kutembea, kubweka na kulinda boma kwa miaka mingi. Na kama mbwa ameumia mno hata hakuna tumaini, daktari amwue kwa dawa bila maumivu. Kumpiga kwa rungu, kumtilia sumu au kumwacha afe polepole ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumtesa mnyama.

Kazi ya mwenye mbwa baada ya upasuaji

1. Mweke katika chumba kidogo au kizimba, mahali pakavu pasipo ngazi wala sakafu ya kuteleza. Asipelekwe malishoni wala asilale nje na mbwa wengine.

2. Mtoe kwa kamba fupi mara chache kwa siku, akojoe na kurudi. Asikimbie wala kuruka.

3. Tazama kidonda kila siku. Asikilambe, bali mfungie shingoni kizuizi kama daktari alivyoonyesha. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

4. Mpe dawa zote mpaka ziishe, hata akionekana mzima.

5. Mpe chakula kizuri, lakini asinenepe. Uzito ni mzigo juu ya bamba.

6. Mrudishe kwa picha siku iliyoagizwa, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8. Ni picha inayosema mfupa umeshika. Macho yako hayawezi kuuona.

Mrudishe upesi, bila kungoja siku hiyo, ukiona mojawapo ya haya: kidonda kinatoa usaha au harufu, mguu umevimba tena, mbwa ana homa na hataki kula, au mbwa aliyekuwa akikanyaga ameacha ghafula kukanyaga. Hili la mwisho mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimelegea.

Maswali ya wakulima

Swali: Je, bamba lazima litolewe baadaye?
Jibu: La, mara nyingi huachwa ndani. Hutolewa likilegea, likileta usaha au kumsumbua mbwa. Kwa mtoto wa mbwa anayekua, daktari aweza kuamua kulitoa mapema.

Swali: Mbwa wangu ni mzee. Je, mfupa wake utashika?
Jibu: Huweza kushika, ila huchukua muda mrefu zaidi. Daktari atatazama kwanza moyo, figo na nguvu zake.

Swali: Naweza kumtumia fundi anayeunga mifupa ya watu kijijini?
Jibu: Hapana. Kupasua na kutia chuma ni kazi ya daktari wa mifugo aliyeandikishwa. Uchafu ukiingia ndani ya mfupa, ni vigumu mno kuutoa.

Basi, wakulima, mguu uliovunjika si hukumu ya kifo. Lakini kabla ya kumlipa daktari, jiulize kama nyumbani pana mahali pa kumfungia mbwa kwa wiki 12, na mtu wa kumtoa kwa kamba kila siku. Kama papo, bamba laweza kumrudishia mlinzi wako miguu yote minne. Kama hapapo, mwambie daktari kweli tangu mwanzo, naye atakuchagulia njia nyingine. Na kwa mbwa walio wazima, mchana wazuieni wasikae barabarani, na hakikisheni wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka.